Flati ya Ardhi ya Kukodisha Nchini Kenya: Yanayopaswa Kuchunguzwa Kabla ya Kununua au Kuuza

Flati nyingi zinazouzwa Nairobi, Mombasa na Kisumu zimejengwa juu ya ardhi ambayo mwenye mradi mwenyewe, yaani anayejenga na kuuza flati hizo, haimiliki milele. Ameikodisha kutoka kwa Serikali kwa muda maalumu, aghalabu miaka 99, na anachoweza kumuuzia mtu mwingine ni haki juu ya sehemu ya jengo kwa miaka iliyosalia katika muda huo, wala si zaidi. Kwa sababu hiyo, hati anayokabidhiwa mnunuzi wa flati ya ghorofa ya tano, hata ikiwa imesajiliwa kwa jina lake na kupigwa muhuri, haisimami peke yake. Inategemea hati ya ardhi yote iliyo chini ya jengo, ambayo mawakili na madalali wamezoea kuiita hati mama. Hati mama ikiwa na kasoro, ikiwekwa rehani au ikiisha muda, kila hati iliyotoka ndani yake hutikisika. Huko ndiko pa kuanzia uchunguzi, kabla hata ya kulipa arubuni.

Wakazi wa Mombasa hawatashangazwa na wazo la mtu kumiliki nyumba ilhali ardhi ni ya mwingine, kwa kuwa mtindo wa nyumba bila ardhi umekuwako mjini humo kwa vizazi: mwenye nyumba hujenga, huuza na hurithisha kuta zake huku akimlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Lakini mpango huo mara nyingi hutegemea mazoea na risiti za kodi, na mwenye nyumba anaweza kuambiwa aondoke. Flati ya ardhi ya kukodisha ina ulinzi mkubwa zaidi, kwa sababu muda wake umeandikwa na haki yake imesajiliwa. Ulinzi huo, hata hivyo, una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ndiyo jambo la kwanza la kuitafuta katika rejista.

Chimbuko la mfumo huu ni sheria za kikoloni. Sheria ya Ardhi ya Utawala wa Kifalme ya 1902 iliruhusu mikataba ya miaka 99, na ile ya 1915 ikapanua muda wa mashamba ya walowezi hadi miaka 999, wakati viwanja vya mijini viliendelea kutolewa kwa vipindi vifupi zaidi. Katiba ya 2010 iligusa suala hili kwa njia inayowahusu wanunuzi wa leo moja kwa moja: Kifungu cha 65 kinasema kwamba mtu asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, na kwa muda usiozidi miaka 99.

Tuseme hati mama ilianza Januari 1975 kwa miaka 99. Itaisha mwishoni mwa 2073. Anayenunua flati katika jengo hilo mwaka 2026 hanunui miaka 99, ingawa tangazo la dalali huenda likasema hivyo. Ananunua miaka isiyozidi 48. Akiikalia kwa miaka 20 kisha akataka kuiuza, mnunuzi wake atapata miaka 28 hivi, na hapo benki itaanza kuuliza kama rehani ya muda mrefu inaweza kubebwa na haki inayopungua kila mwaka. Hesabu hii ni rahisi, lakini inashangaza ni mara ngapi hairukwi na mtu mmoja bali na pande zote mbili, kwa kuwa jengo jipya humfanya mtu aamini kwamba na muda wa ardhi ni mpya. Jengo linaweza kuwa limekamilika mwaka jana juu ya mkataba wa ardhi uliokwisha kula nusu ya umri wake. Mwenye mradi mwangalifu huomba muda uongezwe kabla ya kuanza kujenga; mnunuzi mwangalifu huuliza kama hilo lilifanyika, na hutaka kuona kibali chenyewe.

Muda ukiisha, ardhi hurudi kwa Serikali. Sheria ya Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 13, inampa aliyekuwa mwenye mkataba haki ya kufikiriwa kwanza katika ugawaji upya, mradi awe raia wa Kenya na ardhi hiyo iwe haihitajiki kwa matumizi ya umma. Kanuni za 2017 kuhusu kurefusha na kuhuisha mikataba ya ardhi zikaeleza utaratibu wa maombi. Hii ni haki ya kutangulizwa, si uhakika wa kupewa, na kwa wenye flati inazua swali zito ambalo halijadiliwi vya kutosha: ni nani hasa mwenye mkataba? Katika majengo ya zamani, hati mama kwa kawaida iko kwa jina la kampuni, ama ya mwenye mradi ama ya usimamizi ambayo kila mwenye flati ana hisa ndani yake. Kwa mujibu wa Katiba, kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Hisa moja ya mgeni katika kampuni ya jengo lenye flati 40 inaweza kuwafanya majirani wote waulizwe kama kampuni yao inastahili haki hiyo ya raia. Kampuni ambayo imefutwa katika rejista kwa kutowasilisha taarifa za kila mwaka inaleta tatizo la namna nyingine, maana hakuna wa kuomba kwa niaba ya wakazi.

Mahakama ya Juu ilikabiliana na suala la mkataba uliokwisha muda katika uamuzi wa Aprili 2025, kesi ya Sehmi dhidi ya kampuni ya Tarabana, kuhusu kiwanja cha Ngara, Nairobi. Familia iliyokuwa na mkataba wa zamani ilikuwa inaendelea kuishi pale, lakini ardhi ikagawiwa watu wengine kisha ikauzwa. Mahakama haikumlinda mnunuzi wa mwisho, kwa kuwa hati aliyouziwa ilitokana na ugawaji usiofuata sheria, na kwa kuwa uchunguzi wa kawaida ungemwonyesha kwamba kulikuwa na watu wakikaa kwenye kiwanja hicho. Miaka miwili kabla yake, Aprili 2023, mahakama hiyohiyo ilikuwa imetoa uamuzi wa Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichoziba njia ya umma ya kwenda ufukweni. Majaji walisema kwamba cheti cha umiliki hakitoshi ikiwa mzizi wa hati ulikuwa na kasoro tangu ugawaji wa kwanza, hata kama ardhi imepita mikononi mwa wanunuzi kadhaa.

Uzito wa maamuzi haya kwa mnunuzi wa flati haujaeleweka na wengi. Zamani wakili alifanya upekuzi wa rejista, akaona jina la muuzaji na kwamba hakuna rehani wala zuio, kazi ikaisha. Sasa hilo halitoshi. Inabidi kurudi nyuma: barua ya ugawaji ilitolewa lini na nani, masharti yake yalitimizwa, ardhi ilikuwa ya umma au ya mtu binafsi, ramani ya upimaji iliidhinishwa, na mkataba mama ulisajiliwa kwa utaratibu gani. Nakala za kumbukumbu hizo ziko Wizara ya Ardhi na, kwa ardhi ya Nairobi, sehemu kubwa hushughulikiwa kupitia mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Kazi hii huchukua muda na huongeza gharama ya wakili, na muuzaji mwenye haraka ataiona kuwa usumbufu. Binafsi naona kwamba muuzaji anayekasirishwa na maswali juu ya hati mama amekwisha kumpa mnunuzi taarifa muhimu.

Hapa panahitaji kuelezwa mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo. Kabla yake, flati ziliuzwa kwa mikataba midogo ya muda mrefu: mwenye mradi alibaki na hati mama, akampa kila mnunuzi mkataba mdogo wenye muda pungufu kidogo ya mkataba mama, kisha akaahidi kwamba flati zote zikishauzwa atahamishia masalio ya haki yake kwa kampuni ya usimamizi, ambayo kila mwenye flati angepata hisa moja ndani yake. Ahadi hiyo katika majengo mengi haikutekelezwa. Mwenye mradi aliendelea kushikilia hati mama, pengine akaongeza ghorofa au akauza nafasi za kuegesha magari ambazo wakazi walidhani ni zao. Tena, wauzaji waliofuata walihamisha flati na kusahau kuhamisha hisa, hivyo leo kuna watu wanaolipa ada ya huduma kila mwezi lakini jina lililo katika rejista ya kampuni ni la mtu aliyeuza zamani. Mkutano mkuu ukiitishwa, hawana kura.

Chini ya sheria mpya, mpima ardhi huandaa ramani ya mgawanyo inayoonyesha kila flati na maeneo ya pamoja, ikaidhinishwa na kusajiliwa, kisha hati mama hufungwa na kila flati hupewa hati yake. Shirika la wamiliki huzaliwa papo hapo kisheria, bila kusajili kampuni, na kila mwenye flati ni mwanachama kwa sababu tu ya kuwa mwenye flati. Kila flati hupewa kigawo kinachoamua sehemu yake katika maeneo ya pamoja, uzito wa kura yake na kiasi cha mchango wake. Sheria hii inatumika kwa ardhi ya umiliki wa kudumu na pia ya kukodisha, lakini kwa ardhi ya kukodisha lazima muda uliosalia usipungue miaka 21. Mtu anayemiliki flati kwenye hati mama iliyobakiza miaka 15, kwa mfano, anakuta mlango huo umefungwa mpaka muda urefushwe kwanza.

Ni muhimu kuelewa kwamba hati mpya ya flati haigeuzi ardhi ya kukodisha kuwa ya kudumu. Miaka inabaki ileile. Kinachobadilika ni kwamba mwenye mradi anaondoka katikati, na wamiliki wanakuwa na chombo chao cha kuzungumza na Serikali.

Mikataba midogo iliyokwisha kusajiliwa ilitakiwa kugeuzwa kuwa hati mpya ndani ya miaka miwili tangu sheria ianze, na kuanzia Mei 2021 Wizara ilitangaza kwamba haitasajili tena mikataba midogo ya mtindo wa zamani kama njia ya kumpa mtu umiliki wa flati. Muda huo ulipita na majengo mengi hayajageuzwa. Sheria haikumwacha mwenye flati mikononi mwa mwenye mradi aliyekataa kutoa hati mama. Ombi la kugeuza linaweza kuletwa na kampuni ya usimamizi au na mwenye flati, na msajili ana uwezo wa kuendelea bila hati halisi au kuweka zuio kwenye ardhi yote. Kwa anayenunua leo katika jengo ambalo halijageuzwa, maswali ni haya: nani atalipa gharama ya mpima ardhi na usajili, wamiliki wamekubaliana juu ya vigawo, na je, mkataba wa mauzo unasema nini ikiwa uhamisho utakwama kwa msajili? Mambo hayo yaandikwe. Yasiachwe kwa maelewano ya mdomo na dalali.

Rehani juu ya hati mama ni hatari nyingine ambayo mnunuzi haioni akiangalia flati pekee. Miradi mingi hujengwa kwa mkopo, na benki hushikilia ardhi yote kama dhamana. Mnunuzi anaweza kumlipa mwenye mradi bei kamili, akahamia na kuishi, huku flati yake ingali sehemu ya dhamana ya deni lisilomhusu. Mwenye mradi akishindwa kulipa, benki inaweza kutangaza mnada wa ardhi nzima. Kinachohitajika ni idhini ya maandishi ya benki juu ya uuzaji na ahadi kwamba itaachilia flati husika baada ya kupokea kiasi kilichokubaliwa, na afadhali fedha za mnunuzi ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo badala ya kupitia mfukoni mwa mwenye mradi. Kwa flati ambazo bado ni mchoro, uangalifu huu uongezwe maradufu, pamoja na malipo yanayofuata hatua za ujenzi zilizothibitishwa na msanifu majengo, wala si tarehe za kalenda.

Vibali vya jengo lenyewe navyo vina nafasi yake. Mwaka 2018 majengo kadhaa ya Nairobi yaliyokuwa kando ya mito yalibomolewa ingawa baadhi ya wamiliki walikuwa na hati na vibali mkononi. Mnunuzi atake kuona ramani zilizoidhinishwa na kaunti, kibali cha mazingira na cheti cha kukalia jengo, kisha ahesabu ghorofa: jengo lililoidhinishwa kwa ghorofa sita likiwa na nane, ghorofa mbili za juu hazina msingi wa kisheria hata kama flati zake zinauzwa kwa bei nafuu.

Kuhusu madeni, mnunuzi aombe risiti za kodi ya ardhi inayolipwa kwa Serikali na za ushuru wa kaunti, kwa jengo zima ikiwa hati bado haijagawanywa, na barua ya shirika la wamiliki au kampuni ya usimamizi inayothibitisha kama flati inadaiwa ada ya huduma. Asome pia kanuni za ndani za jengo. Anayekusudia kuipangisha flati kwa wageni wa siku mbili tatu anaweza kukuta kwamba kanuni zinakataza kabisa, na hilo ni bora kulijua kabla ya kutia sahihi.

Mkataba wa mauzo lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), haitambui mauziano ya ardhi ya mdomo kwa madai ya mahakamani. Kwa desturi ya mawakili, arubuni ni asilimia 10 na ukamilishaji hufanyika ndani ya siku 90. Arubuni ishikiliwe na wakili wa muuzaji kama mdhamini mpaka ukamilishaji, isiachiliwe mapema kwa sababu muuzaji ana shida ya fedha. Kwa ardhi ya kukodisha, mkataba utaje muda uliosalia, useme nani atatafuta idhini ya mkodishaji, yaani aliyetoa mkataba wa ardhi, na ueleze kwamba idhini ikikataliwa arubuni itarudishwa yote.

Upande wa muuzaji, ucheleweshaji mwingi hutokana na mambo ambayo angeyaweka sawa kabla ya kutafuta mnunuzi. La kwanza ni ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wenzi wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja, na idhini hiyo huambatanishwa na nyaraka za uhamisho. Mume anayeficha mauzo au mke anayefanya hivyo anamtia mnunuzi kwenye kesi.

La pili ni kodi ya faida. Kodi hiyo, ambayo ni juu ya muuzaji, ilirejeshwa mwaka 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Inatozwa kwenye faida, si kwenye bei. Mtu aliyenunua flati kwa shilingi 6,000,000, akatumia 500,000 kwa wakili, ushuru na maboresho, kisha akaiuza kwa 10,000,000 na kulipa gharama za mauzo 200,000, ana faida ya 3,300,000 na kodi ya 495,000. Asiyehifadhi risiti atashindwa kuthibitisha gharama hizo na atalipa zaidi. Aliyeishi mwenyewe katika flati kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza anaweza kudai msamaha wa makao binafsi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, na thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa Serikali, kwa hiyo kuandika bei ya chini kwenye mkataba hakumwokoi mtu, tena kunamweka katika kosa la jinai.

Wakenya walio ughaibuni hununua flati kwa wingi, mara nyingi kupitia ndugu. Atakayetia sahihi kwa niaba yao anahitaji hati ya uwakala iliyoshuhudiwa na mthibitishaji huko waliko na kusajiliwa Kenya. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 na hajaurudisha wa Kenya ni mgeni mbele ya Kifungu cha 65, na haki yake haitazidi ile ya miaka 99.

Msomaji wa Tanzania atakuta misingi inayofanana lakini sheria nyingine kabisa. Huko ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, hati hutolewa kwa vipindi vinavyofika miaka 99, na umiliki wa sehemu za majengo unaongozwa na sheria yake ya 2008. Ushauri uliotolewa hapa juu ya kodi na utaratibu usihamishiwe Dar es Salaam.

Siku ya ukamilishaji, wakili wa muuzaji hukabidhi hati halisi, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, idhini zote, risiti za madeni na, kwa jengo la mtindo wa zamani, cheti cha hisa pamoja na fomu ya kuihamisha. Mnunuzi anayelipa kwa mkopo hutoa ahadi rasmi ya wakili wa benki, ambayo muuzaji asiikubali ikiwa na masharti asiyoyaelewa. Baada ya usajili, mnunuzi afanye upekuzi mwingine wa rejista kwa jina lake, alete nakala ya hati kwa shirika la wamiliki ili aingizwe katika orodha ya wanachama, na aweke katika faili lake tarehe ya mwisho wa mkataba mama. Sheria inaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imjulishe mwenye mkataba ndani ya miaka mitano kabla ya muda kuisha, lakini taarifa hiyo itaelekezwa kwa anayeonekana katika rejista na kwa anwani iliyopo humo, hivyo anwani ya shirika inapaswa kusahihishwa kila inapobadilika.